Mwalimu Aliyeacha Kujibu

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na ugomvi na kamusi. Si ugomvi wa kisomi, ule wa kuandikiana makala. Ni ugomvi wa uswahilini kabisa, kama wa mtu na jirani anayemmwagia maji machafu mlangoni. Aliifungua, akasoma, akaguna, akaifunga kwa kishindo. "Wavivu hawa," alisema. "Wamekurundikia maneno manne, uchague mwenyewe. Sasa ungekuwa unajua kuchagua, ungefungua kamusi?"

Kitenzi kilichomgombanisha na kamusi kuliko vyote kilikuwa 'ridicule'. Kamusi yake ilisema kejeli, dhihaki, fanyia mzaha, cheka. Yeye alisema hapo hakuna hata moja lililofika. Nimemfahamu tangu nikiwa kidato cha pili, na leo nina watoto wanaosoma sekondari, na sidhani kama kuna neno lingine alilolizungumzia kiasi hicho. Sasa halizungumzii tena. Hazungumzii chochote. Anakaa ndani kwake Kiseke, hapa Mwanza, nyumba chache kutoka kibanda changu cha kutoa kopi, na mtaa mzima tumekuwa tukiulizana, kwanza kwa sauti, baadaye kwa kunong'ona, kama atatoka tena aseme na watu. Mimi ni mmoja wa waliojaribu kumtoa. Nitaeleza tulivyojaribu, lakini kwanza niseme alivyokuwa, kwa sababu wanaomjua kwa ile klipu iliyosambaa kwenye simu hawamjui, na mimi nina mdomo, siwezi kukaa kimya mtu akisemwa vibaya.

Darasani hakuandika kitenzi ubaoni kabla hajakifanya. Siku ya kufundisha kuazima, alimvua mwanafunzi kiatu kimoja, akaenda nacho ofisini, akakaa nacho mpaka kengele ya mwisho, yule mwenzetu anarukaruka kwa mguu mmoja kwenda chooni. Siku ya kusitasita alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, kipindi karibu kizima, mpaka mwalimu mkuu akapita na kumuuliza kulikoni. "Nafundisha," alijibu, na hakuusogeza mguu. Vitenzi vyake havikusahaulika. Nina wateja hapa kibandani, watu wazima na vitambi vyao, ambao bado wakitaka kuniazima kalamu wanaangalia miguu yao kwanza.

Ulimi wake ulikuwa wa Kisukuma hasa, r na l kwake zilikuwa mtu na ndugu yake, na alipolitamka hilo neno lake lilitoka lidikyuli, nasi tukainama chini ya madawati kucheka. Alijua. Wala hakukasirika. Aliligeukia darasa akalitamka tena, polepole, kwa makusudi, akizidisha. "Chekeni sasa hivi mmalize," alisema. "Mtihani hauna masikio."

Alikuwa na mdomo jamani! Kila mtu alikuwa na jina. Mwalimu mkuu aliitwa Tutaangalia, kwa kuwa ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila ombi. Mwalimu wa hesabu aliyekuwa mfupi na mwenye haraka kama anayekimbizwa na wadai aliitwa Deni Linadaiwa. Alipowaiga, unafunga macho na unaapa wamo chumbani. Na ukitaka kumwona akiwa na raha ya kweli, umfuate sokoni akinunua samaki. Alimshika sato mkiani, akamtazama machoni, akamuuliza muuzaji: "Huyu alikufa kwa kuvuliwa au kwa uzee?"

"Alikufa kwa kukuona wewe unakuja," mama wa samaki alimjibu.

Basi hapo alicheka mpaka akashika kiuno, na alinunua. Yule mama mwingine wa pembeni, mpole, ambaye akitaniwa alitabasamu tu na kuangalia pembeni, hakununua kwake hata siku moja. Nilimuuliza kwa nini, samaki wake ni wazuri na bei ni ile ile. Akasema, "Yule nikimtania halafu asinijibu, nitajiona mshenzi." Wakati huo sikumwelewa. Nilidhani ni maringo tu ya mtu anayejua kusema.

Mtu kama huyo utadhani hakuwa na haya. Alikuwa nazo, tena mahali pa ajabu. Kanisani aliombwa mara nyingi asome somo, alikataa katakata. Padre alimbembeleza, wanakwaya walimbembeleza, mke wake alimchamba mbele za watu. Wapi! Alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, akiimba besi kwa sauti iliyotikisa dirisha, lakini kwenda mbele kusoma, hapana. Nami nikamwambia, "Mwalimu, darasani si tunakucheka kila siku?" Akasema darasani akichekwa anajibu. Kule mbele, na Biblia mkononi, atajibu nini?

Na huyo huyo, mwenye haya hizo, aliniumiza mimi.

Nilikuwa naishi Mabatini kwa mama mdogo, aliyekuwa akiuza dagaa. Magunia yalilala sebuleni, nami nililala na magunia. Sare yangu niliifua, nikaianika, nikaipiga pasi, lakini ilinuka. Siku moja nilisimama kusoma kwa sauti, mwalimu akapita karibu yangu, akasimama, akainua pua juu, akaliambia darasa kwamba leo tumeletewa kitoweo. Darasa zima likalipuka. Nilisoma mpaka mwisho wa ukurasa, nikakaa, na kesho yake alfajiri nilipanda meli kurudi kwetu Nansio, kisiwani. Sikumwambia mtu. Baba aliniuliza shule imefungwa? Nikasema nimechoka.

Wiki ile ile, alasiri, mwalimu akatokea uani kwetu. Uso umempauka, shati limemwagikiwa na matapishi, kwa sababu ziwa lilikuwa limechafuka na yeye hakuwa mtu wa maji. Baba alimletea kiti. Mwalimu hakukaa. Alisema, mbele ya baba, mbele ya mama na bibi na wadogo zangu wote: "Mzee, nimemdhalilisha mtoto wako mbele ya wenzake. Nimekuja kusema hivyo, na kuomba arudi."

Baba aliona aibu yeye. Kwetu mwalimu haombi radhi kwa mtoto. Akasema, "Aah, mwalimu, si ulikuwa utani tu."

"Hapana," mwalimu akasema. "Ingekuwa utani angenijibu. Sasa huyu mwanafunzi, mimi mwalimu wake, na darasa linacheka, anijibu nini?"

Alirudi nami kesho yake, akatapika tena njia nzima, mimi nikimshikia mfuko. Na Jumatatu akaingia darasani na kile kitenzi. Hakutaja jina langu wala dagaa. Alisema tu kwamba kuna kucheka na mtu, na kuna kumcheka mtu ambaye hana la kukujibu huku wengine wanatazama, na kwamba Waingereza wameitengenezea hii ya pili kitenzi chake maalumu, na lazima wana sababu. Akatuagiza kila mmoja atunge sentensi ambayo yeye mwenyewe ndiye anayefanyiwa. Ukitunga sentensi ya wewe kumfanyia mwingine, umekosa, hata kama umepatia kila kitu. Tulilalamika sana. Aliendelea na sharti hilo mwaka baada ya mwaka, na nimekutana na watu waliosoma kwake nyuma yangu wakiwa bado wanazikumbuka sentensi zao.

Siwezi kusema aliacha kutania watu baada ya hapo. Hakuacha. Alipunguza kwa wadogo, akazidisha kwa wakubwa.

Watu wawili tu walimweza. Wa kwanza ni mke wake, mwanamke mwembamba, mpole ukimwona, ila akifungua kinywa mwalimu anatafuta kofia atoke. Wa pili ni mtani wake. Msomaji wa mbali pengine hajui: Wasukuma na Wazaramo ni watani, tangu zamani za misafara ya miguu kwenda pwani, na mtani ana ruhusa ya kukusema lolote, popote, nawe huruhusiwi kukasirika. Unachoruhusiwa ni kumjibu. Mtani wa mwalimu alikuwa fundi cherehani pale Mabatini, Mzaramo aliyekuja Mwanza akiwa kijana na hakurudi tena kwao. Ungewasikia kutoka barabarani.

"We Msukuma, leo umevaa viatu? Ng'ombe kafa?"

"Mzaramo, umeamka mchana huu? Au ndiyo unarudi kutoka ngomani?"

"Nimeamka nikushonee suruali. Mtu mzima unatembea umejifunga mkanda wa katani, hata michembe yenu ya viazi vikavu inakuonea aibu."

Na kadhalika, mpaka chai imepoa. Waligombana hivyo miaka na miaka na sijawahi kuona watu wawili waliopendana zaidi.

Mke wa mwalimu alipofariki, mwalimu alikaa msibani kama mtu aliyepigwa nyundo. Hakulia, hakula, hakumpa mtu mkono. Watoto wake waliogopa. Ndipo mtani akaja. Alipita moja kwa moja mpaka jikoni, akatoka amejifunga kitenge cha marehemu na kilemba juu, akasimama katikati ya waombolezaji na mkono kiunoni, na kwa sauti ya marehemu, ile ile, ya chini na ya taratibu, akamwambia mwalimu: "Umekula, umeshiba, sahani umeiacha hapo hapo. Unadhani nitafufuka nije niitoe?"

Wageni kutoka mbali walishtuka. Kuna mzee mmoja alitaka kuinuka ampige. Lakini mwalimu aliinua kichwa, akamtazama, na akacheka, akacheka mpaka kicheko kikageuka kuwa kilio, akalia kwa mara ya kwanza tangu afiwe. Makaburini mtani akalala kwenye udongo, akagoma kuondoka mpaka apewe kuku. Mwalimu alimwambia, huku kamasi zinamtoka, "Mzaramo wewe, hata msibani umekuja kulala." Basi tukajua atapona. Na alipona.

Nimesimulia hilo ili ieleweke kwamba hatukuwa wajinga, wala mtani hakuwa mtu mbaya. Dawa ile tuliishaiona ikifanya kazi.

Kustaafu hakukumkalisha nyumbani. Alipata vipindi vichache kwenye shule moja ya binafsi, akawa anakwenda kwa miguu asubuhi, anarudi mchana, anasimama kibandani kwangu kunitoa kasoro. Kisha kiharusi kikampiga. Mkono ulirudi, mguu ukarudi nusu, mdomo ukabaki umevutwa kushoto. Maneno yalitoka yamelowa. Mwanawe wa kike aliyekuja kumuuguza alimwekea kioo mezani, naye akawa anafanya mazoezi aliyoelekezwa hospitali: kujaza hewa mashavuni, kupuliza mrija kwenye glasi ya maji, kupiga mluzi. Mluzi ulikataa. Ukipita dirishani unasikia pumzi tupu, pumzi tupu, kisha anajitukana kwa Kisukuma na kuanza upya. Miezi ilipita hivyo. Mwanawe alirudi kazini kwake. Shuleni wakamwambia apumzike tu, yeye akasema amepumzika vya kutosha kwa mtu ambaye hajafa.

Siku aliyorudi darasani nilimwona akipita na shati jeupe, na nilifurahi kama mtoto. Nikatoka nje kumsalimia. "Shikamoo mwalimu, umependeza mpaka mdomo umeona wivu umegeukia huko." Msinishangae, ndivyo tulivyozoeana, na mimi nilishakua.

"Marahaba," alisema, kwa shida. "Umekaa tu unauza karatasi, umejua lini wivu wewe?" Akaenda zake, anachechemea, anacheka.

Alichagua kuanza na kitenzi chake. Ningekuwa mimi ningechagua kingine, chepesi, lakini alikuwa mkaidi. Alisimama mbele ya watoto ambao wengi hawakumjua, akakitamka. Neno lilitoka vibaya. Akalirudia kwa makusudi, akizidisha, kama zamani, akitaka wacheke wamalize. Wakacheka. Mate yakamtiririka upande ule uliolala, akafuta kwa kiganja, akalirudia tena. Nyuma kulikuwa na simu.

Nimeiona ile klipu, sitasema sikuiona. Mteja aliniletea akiwa amekufa kwa kicheko, hajui kwamba namfahamu. Wameikata fupi, wameweka muziki wa singeli, mdomo wa mwalimu unafunguka na kufumba kwa kufuata mdundo, unarudishwa nyuma, unapelekwa mbele, na chini wameandika kwamba Kiingereza kimemgomea babu. Nilimfukuza yule mteja na karatasi zake hata kabla sijamaliza kumtolea. Lakini nitawafukuza wangapi? Ilikuwa kwenye magrupu yote. Ya kanisa, ya mtaa, ya wazazi, ya bodaboda. Kina mama wenye heshima zao waliituma na alama za machozi ya kucheka kabla hawajamtambua, wakaja kuifuta baadaye. Makonda walikuwa wanaliita lile neno kituoni kama jina la kituo. Mwanawe akapigiwa simu na mtu kutoka mbali, anamuuliza huyu si baba yako?

Yeye alikuwa na simu ya vitufe. Aliionaje? Walimwonyesha. Alikuwa amesimama dukani ananunua sabuni, vijana wawili watatu wakamtazama, wakatazama simu, wakamtazama tena. Mmoja akamwelekezea kioo cha simu, wala si kwa ubaya, kwa furaha tu ya kukutana na mtu maarufu. "Babu, si wewe huyu? Tufanyie kidogo, babu." Muuza duka ndiye aliyenisimulia. Anasema mwalimu aliiangalia mpaka mwisho, ikajianzisha yenyewe, akaiangalia tena. Akafungua kinywa kama mtu anayetaka kusema kitu. Wale vijana wakainua simu wamrekodi. Akafunga kinywa. Sabuni aliiacha.

Shule iliyomwajiri ilimjua mwanafunzi aliyerekodi, ikataka kumfukuza. Wakamtuma mwalimu mmoja aje achukue maelezo. Mwalimu wetu alimsikiliza akiwa nyuma ya pazia la mlango, akamwambia waachane na huyo kijana. "Zoezi amelifanya," alisema. "Amekosea sehemu moja tu, kajiweka upande usio wake." Yule mwalimu alidhani ni mzaha, akaja kunihadithia akitabasamu. Mimi sikutabasamu. Hayo ndiyo maneno marefu ya mwisho aliyosema, kwa ninavyojua.

Baada ya hapo mlango ukafungwa. Hakwenda kanisani, hakwenda sokoni, mazoezi ya kioo aliyaacha. Mwanawe alipokuja na kumsihi, alijibiwa kwa kichwa. Daktari alishaonya kwamba mdomo usipotumika utakakamaa, na kwamba muda wa kupona una mwisho wake, ukipita umepita. Kwa hiyo haikuwa suala la huzuni tu, la kusubiri ipoe. Kila wiki ya ukimya ilikuwa inamchukulia sauti. Sote tulilijua hilo.

Ndipo jumuiya yetu ya kanisa ikaamua sala ya Jumamosi isaliwe kwake. Tusimwombe atoke, tumfuate. Tulipanga viti uani asubuhi, tukaimba, na kwenye wimbo wa pili akatoka, akakaa kwenye kiti cha pembeni. Hakuimba, lakini alitoka! Nilimfinya mama aliyekuwa karibu yangu mpaka akalalamika.

Tulikuwa tunamalizia tulipomsikia mtani getini. Yeye naye alikuwa na simu ya vitufe, na cherehani yake, na redio yake. Alisikia kwamba rafiki yake amegoma kusema. Ile klipu hakuwahi kuiona wala hakuna aliyemweleza, kwa sababu nani atakwenda kumweleza mzee kitu kama kile? Alijua tu kwamba kuna kiharusi na kuna huzuni, na kwamba yeye ni mtani, na hiyo ni kazi yake. Aliingia amejifunga leso kichwani kama mgonjwa, anaburuta mguu, mdomo ameuvuta kushoto mpaka jicho limefumba. Akasimama katikati yetu. Na kwa mdomo ule uliopinda, mate yakimtoka kwa makusudi, akasema: "We Msukuma! Umenunua mdomo mpya hukuniambia? Mbona fundi kaukata upande?"

Watu walicheka. Lazima niseme hivyo. Walicheka kwa upendo, kwa kupumua, kwa kufurahi kwamba afadhali mtani amefika. Alikuwa hodari kama siku ya msiba, labda kuliko. Mimi nilikuwa nimeshikilia kiti nikisubiri jibu. Nilikuwa nalisikia kabisa, kwamba sasa atasema kitu juu ya Wazaramo na usingizi, na yote yatakwisha.

Mwalimu hakumtazama mtani. Alitazama mikono yetu. Alianza kwa aliyekaa karibu, akaenda mmoja mmoja, mapajani, mikobani, kwenye vitenge, anatafuta nani ameshika simu. Mama mmoja alikuwa nayo, alisomea nyimbo humo. Macho yakafika pale yakasimama. Yule mama akaificha haraka chini ya kitenge, na kuificha kwenyewe ndiko kulikoharibu kila kitu.

Mwalimu akainuka, akaingia ndani.

Mtani alibaki amesimama, mdomo bado ameuvuta, hajui aushushe au auache. "Nijibu basi," alisema kuelekea mlangoni. Kisha kwa sauti yake ya kawaida: "Mtani. Nijibu. Nitukane, nitukanie na mama yangu, sikasiriki. Nimesema vibaya? Nitukane basi, bwana!" Alikaa chini kwenye kizingiti, mzee mzima, na tulipomweleza ile habari ya klipu alishika kichwa kwa mikono miwili. Alikuja tena mara kadhaa. Alikaa kizingitini hapo, akamtania kupitia mlangoni, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, kisha akawa anakuja na kukaa tu. Siku hizi haji. Anasema miguu inamsumbua.

Juzi nilikwenda mimi. Huwa nakwenda, nampelekea uji au samaki, naweka mezani, nasalimia, ananiitikia kwa kichwa, naondoka. Lakini juzi nilikuwa nimeamua. Asubuhi ile nilikuwa nimewauliza watoto waliokuja kutoa kopi kama wanaikumbuka ile klipu ya babu wa Kiingereza. Hakuna aliyeikumbuka. Walikuwa wanachekea nyingine, ya mbuzi sijui ya harusi. Nikaona hii ndiyo habari njema niliyokuwa naingoja.

Nilimkuta amekaa kitini, mchana kweupe, mapazia yamefungwa. Kioo cha mazoezi kilikuwa kimegeuziwa ukutani. Nikamwambia, "Mwalimu, imekwisha. Watu wameshasahau. Nimewauliza mwenyewe, hakuna hata mmoja anayekumbuka."

Alisogeza midomo muda mrefu. Nilikuwa nimesahau ilivyo kazi. Sauti ilipotoka haikuwa ile, ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, nyembamba, na nusu ya neno ilibaki ndani. "Na mimi wamenisahau," alisema.

Jamani, nilishangilia! Amesema! Sikujali amesema nini. Nikaona mlango umefunguka ufa, nikajitosa. Tulikuwa wawili tu, hakuna darasa, hakuna jumuiya, simu yangu niliiacha kibandani kwa makusudi, na mikono yangu nilikuwa nimeiweka wazi mezani aione. Nikamvaa kwa nguvu zangu zote. Nikamwambia nyumba yake inanuka beberu, kwamba Msukuma akikaa ndani muda mrefu anaanza kuota pembe, kwamba mke wake huko aliko anawaambia wenzake kwamba yeye hamjui huyu mwanamume. Nikamwambia sato niliyemletea ana mdomo ulionyooka kuliko wake, na bado amekufa. Nilisema mambo ambayo sikuwahi kumwambia mtu yeyote mkubwa kwangu. Nilikuwa nacheka, na kila nikimaliza moja nilimwachia nafasi ya kunijibu.

Alinisikiliza kwa adabu, ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza tangazo la kanisani. Nilipoishiwa, alisubiri kuona kama nimemaliza. Kisha akaanza kusogeza midomo tena, nami nikainama karibu ili lisinipite hata moja.

"Asante," alisema. "Asante kwa samaki. Ukitoka, unifungie mlango."

Nikatoka, nikamfungia.